Kodi na Jamaa Tunaowalea
(Maneno kwa waumini na wanaharakati, Nyeri)



Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni kwisha, mfanyakazi hutakiwa kuwasilisha taarifa ya mapato yake kwa Mamlaka ya Ushuru. Wengi hapa Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki hutuuliza: je, twaweza kuwaandika humo wazazi wetu na mayatima wa ndugu zetu ili kodi ipungue? Jibu ni hapana.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, humpa mkazi nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Haiulizi ana watoto wangapi, wala ni nani wanaokula mezani pake. Ipo pia nafuu ya bima, asilimia 15 ya malipo, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Lakini ni kwa bima ya mlipaji, mwenzi wake au mtoto wake. Bima ya mama mzazi haimo.

Tuchukue mfano wa walimu wawili wa Mukurweini wenye mshahara sawa. Mmoja anajitunza peke yake. Wa pili anamtibu mamake na kuwasomesha wapwa watatu. Wote hupata nafuu ile ile. Je, huo ni usawa au ni upofu?

Nchini Marekani, anayegharimia zaidi ya nusu ya matunzo ya mzazi mwenye kipato kidogo aweza kumtaja katika hesabu zake za kodi. Basi jambo hili lawezekana.

Wako wasemao kwamba ukoo hauna mwisho, na udanganyifu utaifilisi hazina. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana twataka mpaka: mzazi asiye na kipato na yatima tu, kwa vyeti na stakabadhi za karo na matibabu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 201, yaagiza mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kwa hiyo tusidanganye katika fomu. Tuandike ombi, tutie sahihi, tumkabidhi mbunge wetu na kumdai jibu.

Mtume Paulo alimhimiza Timotheo awafundishe waumini kuwatunza jamaa zao. Mkono mmoja haulei mwana. Na mkono wa serikali usiwe wa kupokea tu.