MIKONO YETU NDIYO MTAJI WETU: UTUNZAJI WA KUCHA NYUMBANI

(Mada iliyosomwa na Kamati ya Afya na Jamii ya kikundi, siku ya maadhimisho ya miaka 10)

  

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Miaka 10 si mchezo. Vikundi vingapi tumeviona vikianzishwa kwa vigelegele na kufa kwa ugomvi wa sanduku! Sisi tupo, sanduku letu lipo, na funguo zake 3 ziko kwa watu 3 kama siku ya kwanza. Tujipigie makofi jamani.

Kamati ilipotangaza kwamba mada yetu leo ni kucha, baadhi yenu mlicheka. "Kucha? Mbangua korosho na kucha wapi na wapi? Hayo ni mambo ya maharusi." Hatukukasirika. Tunaomba mtusikilize kwanza, kisha anayetaka kucheka acheke.

TUKIO LILILOTUFUNZA

Mwenzetu mmoja, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa ya kulisema hili bila kumtaja jina, alikuwa anaoza binti yake. Siku mbili kabla ya harusi akapita kijana wa kupaka rangi za kucha, wale wanaotembea mitaani wakigonganisha vichupa. Kijana akamsafisha vizuri tu. Halafu kwa mkasi ule ule aliokwisha kuwatumia wengine, akaikata ile ngozi nyembamba iliyo kwenye shina la ukucha wa dole gumba.

Harusi ikapita salama. Dole likaanza kuvimba na kupwita usiku kucha. Majirani wakasema ni mdudu wa kidole, achovye kwenye limau. Akachovya. Wengine wakamwambia atoboe. Akatoboa kwa sindano ya cherehani. Alipofika zahanati usaha ulikuwa umejaa chini ya ukucha, ikabidi apelekwe hospitali akapasuliwe. Wiki 5 hakubangua hata kilo moja ya korosho. Ukucha ukang'oka.

Sasa sikilizeni upande wetu. Katika wiki hizo alishindwa kurejesha mkopo mikutano mitatu. Na sisi tukafanya nini? Tukampiga faini mara tatu, shilingi 3,000 kila mara. Kuna waliosema pesa kaimaliza kwenye harusi. Alikaa pale kwenye mkeka, mkono kauficha ndani ya kanga, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, "Dada, hebu tuone huo mkono."

Ndugu zangu, hapo ndipo mada hii ilipozaliwa.

UKUCHA NI NINI

Ukucha wenyewe hauna uhai, ndiyo maana ukikatwa hauumi. Uhai upo kwenye shina, chini ya ngozi, ndiko unakotengenezwa. Ukucha wa mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi. Ukipotea wote huchukua kama miezi 6 kurudi, na ule wa mguu unaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi.

Ile ngozi nyembamba inayofunika shina, wengi wetu tulizoea kuiona kama uchafu wa kuondolewa. Siyo uchafu. Ni mlango. Kazi yake ni kuziba nafasi kati ya ukucha na nyama, maji na vijidudu visiingie. Anayeikata amefungua mlango na kwenda kulala. Na ule unaoitwa mdudu wa kidole hauna mdudu wa kutambaa. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho vilivyopita kwenye mlango huo.

UTUNZAJI WA NYUMBANI

Hayahitaji fedha nyingi. Tunayataja moja moja.

Kwanza, kata kucha baada ya kuoga, zikiwa laini. Za mikono zifuate umbo la kidole, pembeni usichimbe. Za miguu zikatwe moja kwa moja bila kuingia kwenye kona, la sivyo zitaota zikichoma nyama.

Pili, ngozi ya shina usiikate na usiichokonoe. Vile vijinyama vinavyochanika pembeni ya ukucha usivivute kwa meno. Vikate kwa kikatio safi, taratibu, pale vilipoinuka tu.

Tatu, paka mafuta. Mafuta ya nazi yanatosha, au mafuta ya mgando. Yapake kila unapomaliza kufua au kuosha vyombo, na usiku kabla ya kulala, uyasugue kwenye ngozi inayozunguka kucha. Ngozi kavu hupasuka, na kila ufa ni mlango mwingine.

Nne, punguza kulowa. Mama lishe na wanaoparua samaki, hili ni lenu. Mikono ikishinda kwenye maji na sabuni ya unga, ngozi ya shina hulegea na kuachana na ukucha, hapo fangasi wanapata makao. Ukiona ngozi imevimba, haina usaha, lakini haiponi wiki nenda wiki rudi, na ukucha unaota na mabonde, ndiyo hiyo. Vaa glavu za mpira, zikilowa ndani uzivue. Kausha mikono kwa kitambaa, hata katikati ya vidole.

Tano, wabanguaji. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, hilo halihitaji mwalimu. Mama zetu walipaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kazi, na walikuwa na akili. Kama glavu hazipo, fanya kama wao, kisha unawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto.

Sita, mapambo hatuyakatazi, sisi ni wanawake. Hina ya majani haina neno. Lakini piko inayochanganywa na dawa ya kusukia weusi kwenye nywele inaweza kuchoma ngozi mpaka ikatoa malengelenge. Rangi ya kucha usiikwangue kwa wembe. Dawa ya kuitolea hukausha sana, kwa hiyo ukimaliza unawe na upake mafuta. Na yale madoa meupe kwenye kucha, ambayo watu husema ni upungufu wa maziwa, mara nyingi ni alama ya kujigonga tu. Yataondoka na ukucha ukiota.

VYOMBO

Kila mtu awe na kikatio chake. Nyumba moja si sababu ya kikatio kimoja. Chombo kilichogusa damu kinaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, pamoja na maradhi mengine. Ikibidi kuazimana, kioshwe kwa sabuni, kisha kichemshwe dakika 20 maji yakitokota. Kufuta kwa kanga si kusafisha. Na akija kijana wa rangi, mpe kikatio chako, na umwambie, "Mwanangu, ngozi hiyo iache."

DALILI ZA HATARI

Kidole kikianza tu kuwa chekundu au cheusi kwa uvimbe, na kuuma pembeni ya ukucha, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku, kisha ukikaushe. Limau halitibu, linachoma tu. Sindano usiiguse. Ikifika siku ya pili hakuna nafuu, au umeona usaha, nenda zahanati. Ukiona homa, au mstari mwekundu au maumivu yanapanda mkononi, usingoje kesho. Mwenye kisukari asisubiri kabisa, aende siku ile ile. Na ukiona mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, bila ya kujigonga, umwonyeshe daktari.

MWISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tumejifunza kwamba kidole kimoja kinaweza kuvunja marejesho, na kidogo tu kivunje kikundi. Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo matatu. Glavu zinunuliwe kwa jumla kutoka mfuko wa jamii. Mwanachama akikosa marejesho, atembelewe nyumbani kabla ya kuandikiwa faini. Na la tatu: zile shilingi 9,000 za mwenzetu bado zimo kwenye hesabu zetu. Tunaomba sanduku lifunguliwe leo, mbele yenu, arudishiwe mkononi. Mkono ule umepona, ukucha umeota, na marejesho yake alimaliza yote. Tuliobaki na deni ni sisi.

 Akina mama hoyee! Kikundi hoyee!