Tangi la Choo na Jirani wa Bondeni

Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka



Tumeagizwa na halmashauri tuseme juu ya jambo ambalo adabu hutaka litajwe kwa sauti ya chini. Tutalisema kwa heshima, lakini tutalisema lote. Nalo ni tangi la choo, lile ambalo wengi huliita septiki, lifukiwalo uani mwa nyumba ambayo bomba la maji machafu la mji halijaifikia.

Wako wadhanio kwamba kilichofukiwa katika ploti ya mtu ni siri yake mwenyewe. Sheria haisemi hivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kuwa na usafi wa mazingira wa kiwango cha kufaa, na huduma za maji na maji machafu imezikabidhi serikali za kaunti. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yakataza ujenzi usio na kibali cha Kaunti, na adhabu yake yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au yote mawili. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni ya zamani zaidi, yalihesabu tangi linuka­lo au livujalo kuwa kero kwa watu, na afisa wa afya aweza kumpa mwenye nyumba notisi ya kuliondoa tatizo hilo. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yakataza kuchafua maji, yawe ya mto au ya chini ya ardhi.

Kwa hiyo mlango wa kwanza wa kubisha ni ofisi ya mipango ya Kaunti, wa pili ni afisa wa afya, na fundi ni wa tatu. Kwetu mara nyingi utaratibu huu umepinduliwa. Fundi hutangulia, na afisa huitwa na majirani wakati harufu imekwisha kutoka.

Yafaa tuelewe kwanza tangi lenyewe hufanya nini. Si shimo la kuhifadhia uchafu tu. Ni chumba kisichopitisha maji, kilichojengwa kwa zege na kupigwa plasta ndani, nacho hugawanywa sehemu mbili, ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya pili. Maji yakitulia humo, kilicho kizito huzama kikawa mashapo, mafuta na povu huelea juu, na vijidudu visivyohitaji hewa hula sehemu ya uchafu ule. Maji ya katikati ndiyo yatokayo, nayo hupelekwa katika shimo la mawe ambalo mafundi huliita sokopiti, yapenye udongoni taratibu. Udongo ndio umalizao kazi. Maji yatokayo tangini, hata yakionekana meupe, yangali na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo ikiwa mwenye ugonjwa alitumia choo kile.

Sasa twende Voi. Wengi wetu tumejenga vyumba vya kupangisha huko, na hatuoni aibu kusema kwamba kodi za vyumba hivyo zimesomesha watoto. Lakini katika baadhi ya ploti kinachoitwa septiki ni shimo lisilo na sakafu, lililozungushiwa mawe makavu na kufunikwa zege juu. Mwenye nyumba hulisifu kwamba halijai kamwe. Ndugu zetu, tangi lisilojaa kamwe si la kusifiwa. Lauliziwa uchafu wake umekwenda wapi. Ardhi ya Voi mahali pengi ni mchanga, na mchanga hupitisha maji upesi kabla hayajachujwa. Maji ya bomba yatokayo Mzima yakikatika, ni nani asiyejua watu hukimbilia wapi? Hukimbilia visima, na vishimo vichimbwavyo katika mchanga wa mto uliokauka. Basi yule aliyeokoa gharama ya sakafu aweza kuwa anamnywesha jirani yake wa bondeni, au mpangaji wake mwenyewe.

Wataalamu wengi hushauri kwamba kati ya sokopiti na kisima kuwe na mita 30 au zaidi, na kwamba chini ya sokopiti pabaki walau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Ploti ya futi 50 kwa 100 haina nafasi ya kuweka mita 30 pamoja na nyumba. Kwa sababu hiyo kipimo hiki hakiwezi kutimizwa na mtu mmoja. Ni lazima majirani waambiane nani ana kisima na nani anachimba sokopiti. Hapa ndipo chama chaweza kufanya lile ambalo afisa peke yake hawezi.

Taveta shida ni nyingine kabisa. Huko maji yatokayo chini ya Kilimanjaro hububujika katika chemchemi, na mahali pengi maji ya ardhini yako karibu. Sokopiti refu huko huwa ni kisima kilichotiwa kinyesi. Wenzetu wa Taveta wafaa kutumia mitaro mirefu isiyo na kina, au kuinua tuta la udongo juu ya ardhi, na wapime wakati wa masika, si wakati wa kiangazi ambapo kila shimo huonekana zuri. Milimani, Dawida na Sagalla, kuna mwamba na mteremko. Huko jambo kubwa ni kutazama chemchemi iliyo chini ya boma kabla ya kuchimba.

Kupima udongo hakuhitaji mitambo. Chimba kishimo mahali pa sokopiti, kijaze maji, kiache kinywe usiku kucha. Kesho yake kijaze tena, utazame kwa saa maji yanashuka kiasi gani. Yakishuka upesi mno, au yasiposhuka, mwite afisa wa afya kabla hujanunua saruji.

Tuje kwenye utunzaji, ambao twauona umesahauliwa kuliko ujenzi. Chukueni nyumba ya watu 8, kila mmoja akitumia lita 80 za maji kwa siku: ni lita 640. Kwa makadirio ya kawaida mtu mmoja huacha mashapo ya lita 40 kwa mwaka, nao 8 wataacha 320. Tangi la lita 1,600 likifika mwaka wa tatu litakuwa limebakiwa na nafasi ya maji ya siku moja tu. Mwenye nyumba akiongeza vyumba hata wakawa watu 30, tangi lile lile litajaa mashapo katika miezi 16. Nao wengi huongeza vyumba, lakini tangi hawaliongezi.

Tangi liondolewe mashapo yafikapo theluthi moja ya kina chake. Maji ya mvua kutoka paani yasielekezwe humo. Mafuta ya gari, vitambaa na dawa kali za kuulia vijidudu visitiwe. Na hili twalisema kwa uzito: mtu yeyote asishuke ndani ya tangi, hata likionekana tupu. Hewa ya humo huua kwa pumzi chache, na amfuataye kumwokoa hufa pia. Kazi hiyo ni ya lori la kunyonya, tena lenye leseni ya kuchukua taka. Mwulizeni dereva anakwenda kumwaga wapi. Asiyejibu sawasawa asipewe kazi, maana lori limwagalo korongoni usiku limeturudishia uchafu wetu wenyewe.

Twajua gharama ya lori ni nzito kwa mjane mwenye vyumba viwili. Kwa hiyo halmashauri yaleta hoja hii mbele yenu: kwamba wanachama wenye nyumba Voi waandikishe matangi yao kwa mwandishi wa chama, ukubwa wake na mwaka yalipoondolewa mashapo mara ya mwisho, kwamba wale wa mtaa mmoja waliite lori siku moja na kugawana gharama ya safari, na kwamba mwanachama aombaye mkopo wa kujenga aonyeshe kwanza kibali cha Kaunti chenye mchoro wa tangi. Wazee wa Taveta wameomba hoja ya mitaro ijadiliwe peke yake, nasi twaiunga mkono. Mwenyekiti, twaiacha mikononi mwa mkutano.