Kifurushi Hakijafika: Uanzie Wapi?

Leo tunazungumzia barua na vifurushi vinavyotumwa visifike, au vinavyofika vikiwa vimepungua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na posta ndiko methali hiyo inakothibitika. Malalamiko yako yatasikilizwa au yatakwama kutegemea ulichofanya siku ya kutuma, ukiwa bado kaunta.

Barua ya kawaida, ile ya kubandika stempu na kutumbukiza sandukuni, haina kumbukumbu ya safari yake. Ikipotea, karani hana pa kuitafutia, na fidia hakuna. Kwa hiyo cheti cha shule au hati ya kiwanja itume kwa rejista au kwa EMS, yaani huduma ya haraka ya posta. Huko utapewa stakabadhi yenye namba ya kufuatilia mzigo. Kwa mizigo ya kimataifa, namba hiyo ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo: TZ ni Tanzania, KE ni Kenya. Ikianza na R ni rejista, E ni EMS, C ni kifurushi. Tarakimu ya tisa ipo kwa ajili ya kuhakiki nane zilizotangulia, kwa hiyo inakili kwa makini.

Mzigo ukichelewa, anza kwa kuangalia namba hiyo. Huenda umezuiwa forodhani ukisubiri kulipiwa ushuru. Huenda pia umeshafika, ila karatasi ya kukuita imebaki kwenye sanduku la posta la shule au la ofisi unalotumia pamoja na wengine. Muulize anayeshika ufunguo.

Kama kweli haupo, ulizo lifunguliwe posta mapema. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, mzigo hubaki mali ya mtumaji mpaka umfikie aliyetumiwa. Hivyo, ikiwa ndugu yako wa Muscat ndiye aliyekutumia, mwambie aende na stakabadhi yake posta ya huko, nawe utoe taarifa huku. Kwa mizigo ya kimataifa, maulizo hupokelewa ndani ya miezi 6 kuanzia siku inayofuata siku ya kutuma. Andaeni nakala ya stakabadhi, anwani kamili ya pande zote mbili, orodha ya vilivyokuwemo na risiti za kuvinunua.

Na wizi je? Ukiona gundi imebandikwa mara ya pili, au kasha limechanika, usisaini kwa haraka. Uzito wa mzigo ulipimwa siku ya kutuma. Omba upimwe tena mbele yako, ufunguliwe karani akiwapo, na kilichopungua kiandikwe na kusainiwa. Piga picha, na kasha usilitupe, kwani ni ushahidi. Kisha nenda kituo cha polisi. Kwa Tanzania, hakikisha unatoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Kama kilichoibwa ni kadi ya benki, ipigie benki simu kabla ya yote, kadi ifungwe.

Malalamiko yako yapeleke kwanza kwa aliyekuhudumia, yawe ya maandishi, na udai nakala iliyogongwa muhuri. Usiporidhika, Tanzania kuna Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na Kenya kuna Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Hawa husimamia posta pamoja na kampuni binafsi za vifurushi zenye leseni. Ukimkabidhi mzigo mtu asiye na leseni wala stakabadhi, kudai haki yako kutakuwa kugumu.

Mambo mawili ya mwisho. Noti za fedha usizitie ndani ya barua ya kawaida. Kanuni za kimataifa za posta zinakataza. Na ukipokea ujumbe wa simu unaosema mzigo wako umekwama, utume pesa kwa namba fulani, usilipe. Nenda mwenyewe ofisini ukaulize.

Msikilizaji, stakabadhi ya posta isikae mfukoni mwa suruali ikafuliwa nayo. Ipige picha leo hii, na ile ya karatasi uihifadhi mpaka uliyemtumia akujibu kwamba amepokea, tena amepokea vyote.