Kliniki ya Kwanza Isiwe ya Mwisho



Leo tuzungumze juu ya kliniki ya mama mjamzito. Kuanza si shida sana. Shida ni kuendelea. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 hapa Kenya ulionyesha kwamba akina mama 98 kwa kila 100 walimwona mhudumu aliyefunzwa. Lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa 66 tu. Je, wale wengine walipotelea njiani kwa nini?

Uchunguzi wa 2014 watupa jibu moja. Mijini, akina mama 68 kwa 100 walifika mara nne. Mashambani walikuwa 51. Si kwamba mama wa kijijini hajali. Hata mjini, mama wa mtaa wa mabanda ana taabu zake, lakini kituo huwa karibu. Wetu huku hulipa bodaboda kwenda na kurudi. Mvua ikinyesha, mto hauvukiki. Palizi nayo haingoji. Basi anaanza mwezi wa sita, akienda mara mbili amechoka.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Presha hupanda bila maumivu. Aliyepimwa mwezi wa nne akawa mzima, mwezi wa nane aweza kuwa mgonjwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, hushauri mara nane, ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha.

Sasa sisi wa vikundi tufanye nini?

Kwanza, sehemu ndogo ya mchango wa kila mkutano iwekwe kando, iwe nauli ya kliniki na ya dharura.

Pili, mama mmoja achaguliwe, ashirikiane na mhudumu wa afya wa kijiji kukumbusha tarehe zilizo katika kijitabu cha mama na mtoto.

Tatu, tupatane mapema na mwenye pikipiki atakayeitika usiku.

Nanyi akina baba, msingoje kuombwa nauli.

Tena, mama akitoka damu, akiumwa sana na kichwa, akivimba uso, akishikwa na degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, asingoje tarehe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana: Katika kijiji chetu, ni nani mjamzito ambaye hajarudi kliniki? Ni nini kimemzuia? Nani atamtembelea wiki hii?