Chagueni kwa mfuko wa mnyonge

Mwaka jana ofisini tulimuaga mwenzetu anayestaafu katika hoteli moja ya fahari, Masaki, Dar es Salaam. Mchaguzi wa mahali nilikuwa mimi. Nilitazama upepo wa bahari na vitambaa vyeupe, bei sikuuliza.

Bili ilipoletwa, VAT ya asilimia 18 ikiwamo, tukaigawa sawa kwa sawa. Tarishi wetu, aliyekunywa supu tu, alilipa kimya. Kesho yake alikuja kazini kwa miguu.

Tangu hapo naomba kwanza orodha ya bei, kisha namwita faraghani mwenye mshahara mdogo: “Ndugu yangu, hapa patatufaa?” Akisita, natafuta kwingine. Karamu ya wote ipimwe kwa mfuko wa mnyonge.