Saa za Mtoto na Televisheni



Televisheni imefika katika sehemu zetu kwa hatua. Kenya iliianza mwaka 1962, Zanzibar 1973, Mogadishu 1983, na Tanzania Bara 1994. Wakati huo wote, katika visiwa vya Wabajuni kama Kudha, kusini ya Kismayo, mtoto mdogo alikuwa na siku iliyojaa: chuo cha Kurani, mchezo ufukweni maji yapwapo, na hadithi za bibi usiku.

Leo kioo cha televisheni, na cha simu pia, kimeingia katika nyumba nyingi za mwambao, na katika makambi vilevile. Baba yuko lindoni, mama ana kazi zake, na televisheni huachwa iwe yaya. Watu huuliza kama picha zake ni njema au mbaya. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Hata kipindi chema hula saa za mtoto.

Mwezi wa Aprili 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, na dakika 180 za kucheza na kutembea kila siku. Kukaa mbele ya kioo kusizidi saa moja, na kukipungua ni bora zaidi. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo.

Tena mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Televisheni husema, lakini mtoto akiuliza haimjibu. Kibajuni, ambacho wasemaji wake wengi walitawanywa na vita vilivyozuka mwaka 1991, hakitarithiwa kutoka kwenye kioo. Kitarithiwa kwa mama, kwa bibi, na kwa baba arudipo kutoka zamu.

Ndugu askari, ninyi mnajua kupanga zamu. Basi ipangeni siku ya mtoto vivyo hivyo: kwanza usingizi, kisha mchezo, chuo na mazungumzo, televisheni iwe ya mwisho. Anayelinda mpaka wa nchi asiziache saa za mwanawe bila mlinzi.