Mambo matatu tuliyoyaelewa vibaya wakati wa Ebola

(Mazungumzo mbele ya walimu, wauguzi na viongozi wa vijana)



Sote tunakumbuka tarehe 1 Agosti 2018, siku serikali ilipotangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulidumu hadi 25 Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200. Lakini si virusi peke yake vilivyoua. Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa moto. Tarehe 19 Aprili, daktari Richard Mouzoko alipigwa risasi na kufa katika hospitali mjini Butembo. Tangu hapo Ebola imerudi nchini mara kadhaa, hata Kasai mwaka 2025. Ndiyo maana tunataka tusafishe mawazo yetu mapema.

La kwanza: «Ebola imetengenezwa na wageni ili watumalize.» Ndugu, ugonjwa huu ulijulikana mwaka 1976 huko Yambuku, wakati wengi wetu humu hatujazaliwa. Profesa Muyembe, Mkongomani, alifika huko akachukua damu ya wagonjwa ichunguzwe. Na moja ya dawa mbili zilizoonyesha nguvu katika majaribio ya hapa kwetu, mwaka 2018 na 2019, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Dawa hiyo ina mizizi katika nchi yetu.

Lakini tusiwacheke waliosadiki uvumi. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilipiga kura; Beni na Butembo waliambiwa wangoje hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola, hali masoko yalikuwa yamejaa watu. Tena, mtu aliyeona mauaji miaka mingi bila kulindwa, akiona magari mengi yanakuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja, atauliza. Swali lake si ujinga.

La pili: «Chanjo inaleta Ebola.» Chanjo ile haina kirusi kizima cha Ebola. Ina kirusi kingine, cha mifugo, kilichodhoofishwa na kuwekewa kipande kimoja tu cha Ebola, ili mwili ujifunze kumtambua adui. Kujifunza huko kunachukua siku kama 10. Na Ebola yenyewe inaweza kujificha mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya kuonekana. Basi mtu aliyeambukizwa kabla ya sindano anaweza kuugua baada yake. Majirani wanaona sindano Jumatatu na homa Ijumaa, wanasema ni sindano. Waliyoyaona ni kweli. Sababu ndiyo waliyoikosea.

La tatu linatugusa sisi wa mashirika. Tulidhani kwamba tukisema, tumeeleweka. Katika kijiji kimoja tulifika na karatasi za Kifaransa, kisha tukaeleza kwa Kiswahili kwamba mtoto fulani ni «mshukiwa wa Ebola». Bibi yake akauliza kwa Kinande: «Mjukuu wangu ameiba nini?» Tulinyamaza. Kumbe neno letu lilimfanya mgonjwa kuwa mhalifu, na gari letu kuwa la polisi. Muuguzi wa pale akaeleza upya kwa Kinande: huyu ni mtoto mwenye homa, tunataka kujua ni homa gani. Maswali yalichukua asubuhi yote. Mwishowe bibi alikubali apimwe, mradi yeye mwenyewe amsindikize.

Hata sisi wakaaji tulikosea. Wengine walisema kila anayezungumza Lingala ametumwa kutudhuru. Lugha inaonyesha mahali mtu alipokulia. Haionyeshi nia yake.

Kwa hiyo tunawaomba: walimu, elezeni hesabu ya siku hizi darasani. Wauguzi, msione aibu kufundisha sayansi kwa lugha ya nyumbani. Vijana, mkisikia uvumi, kabla ya kuokota jiwe ulizeni: nani aliona, lini, na nini kilitangulia? Na sisi wa mashirika tutakuja na masikio kabla ya kuja na karatasi.